Maneno Tu, Vicheko Usiandike

Jumatano, 6 Machi

Daftari hili lilikuwa la kutupwa. Kurasa za mbele zimeliwa na mende, za nyuma nzima. Bi Mwajuma, mkuu wangu kazini, kasema nichukue, "lakini usiandikie mapishi, andika cha maana." Cha maana leo: mwanangu Shakila anaota jino jingine na hakulala, kwa hiyo na mimi sikulala. Mvua ya kwanza imepiga mtaa wetu wa Mafiga alasiri. Bati limevuja palepale pa mwaka jana.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike kazi yangu ilivyo, nisije nikaisahau mkataba ukiisha Juni.

Chuoni kuna chumba cha nyaraka, chini kabisa, karibu na jenereta. Mwaka 1968 mwalimu mmoja Mmarekani Mweusi, wenyewe wanamwita Mwalimu Tibbs, alikaa kwetu Mgeta miaka miwili na kinasa sauti cha betri, akirekodi wazee. Akarudi kwao na kanda zake. Chuo alichokuwa anafundisha ni cha watu weusi, kimeanzishwa na watu ambao wazazi wao walikuwa watumwa. Bi Mwajuma anasema wale hawatupi hata risiti, kwa sababu babu zao hawakuachiwa karatasi yoyote isipokuwa ya kuuzwa. Wamezitunza kanda hizo miaka yote. Sasa wametuletea nakala, masanduku sita ya karatasi, na sauti zote ndani ya kidude kidogo kuliko kiberiti.

Mimi nafuta vumbi na kupanga. Halafu kwa kuwa najua Kiluguru, na kidato cha nne hakikunipa kitu ila mwandiko mzuri, nimewekewa hedifoni. Nasikiliza, naandika kwa Kiswahili kwenye fomu. Fomu ina nafasi nne: msemaji, mahali, mwaka, maneno. Nilimuuliza Bi Mwajuma, je, wakicheka? Wakilia?

"Maneno tu, Josephina. Vicheko usiandike. Tutamaliza lini?"

Jumatatu, 11 Machi

Nimecheka peke yangu mpaka Shakila aliyelala chini ya meza akashtuka na kuanza kulia.

Kanda ya kumi na saba ni msiba, tena msiba wa kwetu, mazishi ya babu Rehani, mjomba wake bibi. Mtani mmoja, Yunusi, kaingia kaburini kabla ya maiti, kalala chali, hatoki. Kwetu ndivyo. Watani ndio wachimba kaburi, ndio wanaomtukana marehemu ili wafiwa wasimfuate kwa huzuni. Basi Yunusi anapiga kelele toka shimoni: "Sitoki! Huyu Rehani alikuwa mtumwa wangu, nilimnunua kwa pishi ya chumvi na jembe bovu! Shamba la Kibwe ni langu, hawa wanalima kwa huruma yangu tu!" Mwanamke anamjibu, "Toka, nguruwe we, tutakufukia naye!" Watu wanaangua. Hatoki mpaka apewe kuku.

Kibwe ndilo shamba analolima mama mpaka leo. Kwetu ardhi hupita kwa wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na wajomba huilinda.

Nimeandika maneno ya Yunusi. Ya yule mwanamke sikuandika, jina lake halisikiki. Shakila alikuwa amelowa na saa ya kutoka ilikuwa imefika.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo umeanza. Nasibu, baba yake Shakila, kapiga simu toka kwenye mashamba ya miwa, anasema kufunga huku unakata miwa ni kama kufunga mara mbili. Atakuja Idi.

Jumatano, 20 Machi

Shakila homa, siku ya tatu. Sikwenda kazini tangu Jumatatu. Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Nimerudi. Bi Mwajuma kanipokea kwa furaha ambayo sijapata kuiona kwake.

"Umekosa jambo. Kaja kijana wa kwenu huko mlimani, Evance. Mpole! Kavua viatu mlangoni, nikamwambia baba, hapa si msikitini. Anatafuta habari za ukoo wa mama yake. Nimemkuta mzee wao kwenye zile fomu zako. Nikamtolea kopi, nikagonga mhuri. Machozi yalimtoka, Josephina. Hiyo ndiyo kazi yetu, mtu aje ajikute kwenye karatasi."

Nikafurahi naye. Sikuuliza fomu ipi.

Jumatatu, 25 Machi

Mama kapiga simu alfajiri. Akipiga saa ile huwa ni kifo, nikapokea nimesimama.

"Fina, yule Evance wa Mwamvita kaja na karatasi ya chuo chenu. Anasema Kibwe ni yao."

Mwamvita namjua. Ni wa ukoo wa watani wetu, ukoo wa yule Yunusi. Aliolewa Kisaki, mume alifanya kazi ya reli. Mume alipokufa shemeji zake wakamfukuza, akarudi Mgeta miaka mitatu iliyopita na huyu Evance, mtu mzima aliyelelewa na honi za treni. Wajomba zake walikuwa wameshauza kila kipande cha ukoo. Wanaishi chumba cha kupanga karibu na gulio.

Mama anasema kijana alikuja kwa adabu. Shikamoo mama, nimekuja kwa heshima, naomba tu unionyeshe mipaka. Kaka Anselmi akatoka na mpini wa jembe. Amemng'oa meno mawili.

"Kaka kafanya vizuri," nilimwambia mama. Naliandika hapa kwa sababu nililisema.

Jumamosi, 30 Machi

Nimepanda na fuso tupu lililokwenda kubeba kabichi za Pasaka. Shakila mgongoni, matope mpaka magotini. Mama kakonda. Hata chai sijanywa, Anselmi akaleta ile karatasi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amewapa nakala, na kwa wiki nzima wamekaa nayo kama mtu anavyokaa na nyoka ndani ya kapu.

"Wewe ndiye msomi," Anselmi kasema. "Tusomee vizuri. Mwenyekiti anasoma kama anatafuna."

Nikaichukua. Ule mkia wa herufi ya g ninaoupinda kushoto tangu shule ya msingi. Mhuri wa chuo umekaa juu ya neno "mtumwa".

Nikasoma. Msemaji: Yunusi. Mahali: Mgeta. Mwaka: 1968. Maneno: "Huyu Rehani alikuwa mtumwa wangu, nilimnunua kwa pishi ya chumvi na jembe bovu. Shamba la Kibwe ni langu. Hawa wanalima kwa huruma yangu tu." Nimesoma mpaka mwisho, sauti haikutetemeka. Bila kile kicheko, maneno yale ni kama hati ya mahakama.

Mama akasema polepole, "Mjomba wa mama yangu, mtumwa?"

"Labda ni utani," nikasema.

"Utani una mhuri?" Anselmi kaninyang'anya. "Nani kaandika uchafu huu?"

"Watu wa chuo."

Ndivyo nilivyosema, watu wa chuo. Nikamnyonyesha Shakila, nikamfunika kichwa kwa kanga ili nifiche na uso wangu.

Jumatatu, 1 Aprili

Mchana nimeshuka. Njiani nimemwona Evance anabeba magunia ya njegere ya watu. Mdomo umevimba upande mmoja, hapo nikamjua. Kaniamkia, "Za Pasaka, dada," hajui mimi ni nani. Nikaitika.

Alhamisi, 4 Aprili

Kabichi za mama zimefyekwa jana, matuta manne, zilizokuwa zikingoja Jumamosi kuuzwa. Zimepasuliwa katikati moja moja, mtu kafanya kazi kwa utulivu.

Jumapili, 7 Aprili

Mbuzi wa maziwa wa mama amekatwa miguu ya nyuma. Hakuchinjwa. Kaachwa hai bandani, akijikokota kwa ile ya mbele. Mama kamkuta alipokuwa anarudi misa ya kwanza. Kamchinja mwenyewe, kwa kisu cha kumenyea viazi, kwa sababu hakutaka kungoja mwanamume aje.

Leo kila nilipomtazama Shakila akitambaa, nilitoka chumbani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeandika mara mbili nikafuta. Naandika tena.

Jana Anselmi na wenzake wawili wameingia chumba cha Mwamvita. Evance hayupo. Wametoa godoro, vyombo, nguo, wakachoma barabarani mbele ya watu wa gulio. Mwamvita kashika kanga yake moja isichomwe. Anselmi kamshika mkono, akaukunja mpaka ukavunjika. Mama ndiye kanieleza. Alianza kwa majivuno, akamaliza kwa sauti ya chini: "Ulilia kama kuni mbichi, Fina. Nilikuwa pale nimesimama."

Mwamvita ana miaka zaidi ya sitini. Bibi alipokufa, ndiye aliyekuja toka Kisaki kumwosha, akasimama mlangoni na kumtukana marehemu kuwa ni mlafi, kala mpaka siku za wenzake. Tulicheka huku tunalia. Siwezi kumweka kaka Anselmi mahali pamoja na mkono huo. Ni yeye aliyenibeba mgongoni kwenda kliniki nilipoungua mguu.

Alhamisi, 11 Aprili

Idi. Nasibu yuko nyumbani, vidole vimejaa makovu ya majani ya miwa. Tumekula pilau, Shakila kaijaza masikioni. Usiku nimemwambia Nasibu yote.

Akauliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi ishie hapo. Ukisema, chuo watakutoa. Kaka yako namjua, atakutoa roho. Mambo ya ardhi yana baraza, acha baraza lifanye kazi yake."

"Na mkono wa yule mama?"

"Wewe uliuvunja?"

Akageukia ukutani. Kalala. Mtu aliyefanya kazi tangu utoto hulala hata juu ya misumari.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimempiga Shakila. Alimwaga uji, nikampiga kibao cha mgongoni, si cha kumkanya, cha kupunguza kitu changu. Alama ya vidole vyangu ilikaa mpaka jioni. Nimemwomba msamaha kama mtu mzima. Hajui kusema bado, kanipa kijiko.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua siku tano. Udongo umefunga barabara ya Mgeta. Nikafurahi. Magari yakishindwa kupanda, labda na hasira itashindwa.

Jumanne, 23 Aprili

Mtaa mzima maji. Nimeweka ndoo tatu.

Alhamisi, 25 Aprili

Hasira haipandi na gari.

Mama kapigwa jiwe la kichwa akichuma njegere. Nyuzi saba. Aliyerusha hakuonekana, kulikuwa na ukungu. Wamemtembeza kwa miguu, damu inashuka, kwanza kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya majeruhi, ndipo zahanati. Kaniambia kwa simu, "Usije, barabara mbaya, utamwua mtoto." Halafu, "Anselmi ananoa panga tangu asubuhi. Hali, ananoa tu."

Nikakata simu, nikaenda kwa Bi Mwajuma na kidude cha sauti mkononi.

"Bi Mwajuma, ile kopi uliyompa Evance. Sikiliza yenyewe."

Haelewi Kiluguru, nikamtafsiria sentensi kwa sentensi. Tulipofika kwenye kuku, kacheka, mabega yakatikisika. Halafu kicheko kikamkatikia njiani. Akaivuta ile fomu, akaitazama muda mrefu.

"Mwandiko wako."

"Ndiyo."

"Ulijua ni mazishini?"

"Nilijua. Fomu haina nafasi ya mazishi."

"Na mhuri wangu." Kavua miwani. "Tangu lini unajua imefika huko?"

"Tangu Pasaka."

Nilitegemea anipige maneno. Kafunga mlango kwanza, nikajua hatanipiga. Kasema tutapanda wote kwenye baraza la kata, tutapiga kanda watu wasikie wenyewe. "Lakini pale tutasema fomu haikukamilika. Nani aliandika, nani aligonga mhuri, hayo ni ya ndani. Umenielewa?"

Nimeelewa. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Nimempigia mama, nikamwambia Anselmi angoje, kuna ushahidi. Kasema atangoja.

Alhamisi, 2 Mei

Baraza limepangwa tarehe tisa. Mvua imepungua. Mama anasema Evance naye kaambiwa angoje na anangoja, kajenga kibanda cha maturubai pembeni mwa gulio, anamlisha mama yake kwa kijiko.

Ijumaa, 10 Mei

Sijalala. Naandika ili mkono ufanye kitu.

Jana watu walijaa mpaka nje ya ofisi ya kata. Waliazima spika ya kwaya. Evance alisimama upande wa dirisha, shati jeupe limepigwa pasi, sijui pasi kaipata wapi. Karatasi yake kaiweka kwenye plastiki. Mwamvita kakaa chini, mkono umefungwa kwa kipande cha kanga. Anselmi upande mwingine, mikono mitupu, mwenyekiti alikusanya mapanga yote mlangoni.

Evance alisema maneno machache. "Wazee wangu, mimi sikuzaliwa hapa. Sikuja kuiba. Nimekwenda chuo kikuu nikaambiwa hiki ndicho kilichosemwa na babu yangu. Nikaja nacho. Ni hayo tu."

Bi Mwajuma akawasha kanda.

Kwanza mvumo tu, watu wa zamani wanaongea kwa mbali, jembe linagonga jiwe. Halafu Yunusi: "Sitoki!" Wazee walikuwa wa kwanza. Mmoja kapiga paja. Ilipofika pishi ya chumvi chumba chote kilikuwa kinacheka, mwenyekiti anafuta macho kwa kofia, wanawake dirishani wanashikana. "Toka, nguruwe we!" Mwamvita naye kaanza kucheka, machozi yanateremka: "Ni mjomba Yunusi! Sauti yake! Ni mjomba mwenyewe!" Mama akamcheka Mwamvita akicheka. Kwa muda ule nilidhani tumepona.

Mtu mmoja tu hakucheka. Kiluguru chake ni cha kuokoteza, alikuwa anageuza kichwa huku na huku akiwauliza waliokaa karibu, "Wanasema nini? Wanachekea nini?" Mtu kamweleza. Nimemwona uso unavyopokea.

"Kesi imekwisha kaburini," mwenyekiti kasema, wakacheka tena.

"Samahani," Evance kasema. "Nani aliandika karatasi hii?"

Mwenyekiti akatutazama. Bi Mwajuma kasimama. "Fomu haikukamilika. Chuo kinasikitika."

"Nauliza nani. Alisikia wanacheka au hakusikia?"

Nilitazama viatu vyangu. Tope la Mgeta likikauka huwa jekundu. Nilikuwa na mdomo.

Tukatoka nje. Anselmi alikuwa anacheka bado, kicheko cha mtu aliyeshinda. Akasema kwa sauti ili gulio lisikie, "We mtani! Nenda kalale kaburini, labda utapewa kuku! Mtumwa wa karatasi we!" Siku nyingine, kwa mtu mwingine, huo ungekuwa utani na ungejibiwa kwa utani. Lakini mama yake Evance alikuwa palepale na mkono uliovunjwa na huyo anayetania.

Mapanga yalikuwa yamerundikwa mlangoni. Evance hakukimbia. Aliinama, akachukua la juu, lilikuwa la Anselmi mwenyewe, lililonolewa tangu Aprili. Anselmi kainua mkono wa kulia kama mtu anayezuia jua.

Sauti ya pigo ni ile ya kukata mgomba. Mkono ulikatika karibu wote, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Alitazama kwa mshangao, akasema "Aa," basi, kama mtu aliyemwaga chai. Pigo la pili lilimpata begani. Nilifungua mbeleko, nikamtupia mama Shakila, nikamfunga Anselmi juu ya kiwiko, nikakaza kwa kijiti. Damu yake ilikuwa ya moto mno. Ilinijaa mdomoni.

Nyuma yangu walikuwa wameshamwangusha Evance. Mateke, mawe, mtu na gongo. Mwanamke muuza nyanya alimpiga kwa kreti. Wakaanza kuita tairi. "Tairi! Leteni tairi!" Na wengi wao dakika tano zilizopita walikuwa wanacheka. Mwamvita alijilaza juu ya mwanawe na mkono wake mmoja, wakampiga na yeye. Mgambo walifyatua juu mara mbili, watu wakatawanyika. Evance hakuwa na uso wa kutambulika, lakini alikuwa anapumua, povu jekundu linatoka na kurudi.

Tumeteremka na fuso la kabichi, Anselmi juu ya magunia, mimi nimeshika kijiti. Kona zote za Mgeta nimezihesabu. Bi Mwajuma alikaa mbele na dereva, hakugeuka nyuma.

Jumatatu, 13 Mei

Hospitalini wamemkata Anselmi mkono, juu kidogo ya kifundo. Anaishi.

Jana mama alikuwa amekaa kitandani kwa Anselmi, anamkanda miguu. Nilikuwa nimepanga kumwambia Nasibu kwanza, halafu padri, halafu wao. Anselmi kafumbua macho, kauliza, "Kibwe?"

"Ni letu," mama kasema.

"Ile karatasi niliandika mimi," nikasema.

Haikuja kwa mpango. Nikaeleza yote pale nimesimama, kanda, fomu, kicheko, Pasaka. Wagonjwa wengine walinyamaza kusikiliza.

Mama hakunitazama. Aliendelea kukanda, akahamia mguu wa pili.

"Ulitusomea," Anselmi kasema. "Fina. Ulikaa kwenye kigoda cha mama, ukatusomea."

Kachukua kikombe cha bati kwa mkono wa kushoto akanirushia. Kimepiga ukuta mbali nami, hajazoea mkono huo. Kalia kwa sababu hiyo, si kwa kuumia.

Nikaokota kikombe. Mama akasema, "Mnyonyeshe mtoto, analia." Hakuna lingine alilosema mpaka leo.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekwenda polisi na Shakila mgongoni. Nikasema nataka kuandika maelezo katika kesi ya Evance.

"Wewe ni ndugu wa mjeruhiwa?"

"Ni dada yake, baba mmoja mama mmoja."

"Unaandika ya kumtetea nduguyo?"

"Naandika yaliyotokea."

Kalamu nilishika mwenyewe. Nikaandika kurasa tano, na kila mahali watu walipocheka nikaandika kuwa walicheka, na nani alianza. Askari kasema ni marefu mno. Nikamwambia akiyapunguza hata mstari mmoja sitatia sahihi.

Jumatatu, 20 Mei

Bi Mwajuma kapata habari. "Umeniweka na mimi humo?"

"Nimeandika mhuri ulikuwa wako, na fomu ilikuwa ya ofisi, na mwandiko ulikuwa wangu."

Nilidhani ana hasira, labda anayo. Kasema, "Wale Wamarekani wametunza sauti ile miaka yote bila kuipoteza hata kikohozi. Ikatushinda sisi kwa siku moja." Halafu kaniambia mkataba wangu hautaendelea. Hilo si yeye, kaongeza, ni juu. Sijui juu ni wapi.

Nasibu kanuna siku mbili, leo katuma ujumbe: Mungu yupo.

Jumapili, 26 Mei

Siku ya kuona mahabusu. Nimepanga foleni na wake za watu. Mwamvita alikuwa mbele yangu na kapu. Nilimwambia shikamoo. Kachelewa kuitika, akaitika. Alipotoka alinipita bila neno, lakini alimshika Shakila mguu kidogo.

Evance sikumtambua. Jicho moja limefunga, sikio limeshonwa vibaya. Alikaa upande wa pili wa wavu.

"Wewe ni dada yake yule."

"Ndiyo. Anaishi. Mkono umekwenda."

Kaitikia kwa kichwa. "Nauota. Unaanguka kila siku." Halafu, "Umekuja kunitukana? Tukana tu."

"Ile karatasi niliandika mimi. Siku ile ya baraza ulipouliza nani, nilikuwa mita mbili toka kwako. Nimeshaandika polisi. Nitasema na mahakamani."

Hakusogea. Nikasikia wengine kwenye foleni wakitaja habari za sabuni na sukari.

"Ulisikia wanacheka?"

"Nilisikia."

"Na wewe je?"

Nilitaka kumwambia kitu kingine. "Nilicheka," nikasema. "Nilicheka mpaka mtoto huyu akaamka."

Kamtazama Shakila kwa lile jicho lililobaki. Shakila alikuwa anauchezea wavu.

"Mimi nimekulia Kisaki," kasema. "Huko nani wa kunifundisha mambo ya kaburini? Babu yangu simjui sauti. Mngeniita siku ile, mkanipa hiyo hedifoni, mkaniambia sikiliza mjinga wako huyu." Akaushika wavu. "Ningecheka na mimi."

Askari kasema muda umekwisha. Hakuinuka. Na mimi sikuinuka.